Kukimbilia mafuta kabla hayajaadimika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi yale yale kila uvumi wa upungufu wa mafuta unapozuka, iwe chanzo ni mgomo, vita, meli iliyochelewa au bomba lililosimama. Yameanza na ya msingi, yakamalizikia kwa watu wenye shida za pekee. Kama tayari uko kwenye foleni, ruka hadi swali la 8. Kama umeshika dumu, soma la 11 hadi la 14 kabla hujafanya lolote.

## Mambo ya msingi

1. Kununua kwa taharuki ni kupi, na kujiandaa ni kupi?

Aliyejiandaa ni yule ambaye habari zilipotoka tangi lake lilikuwa tayari nusu au zaidi. Aliyetaharuki ni yule anayetoka nyumbani saa nne usiku kwenda kuongeza lita sita kwenye gari ambalo kesho haliendi popote. Wote wawili wananunua mafuta. Kinachowatofautisha ni saa. Ukinunua siku ya kawaida, kituo kina muda wa kuagiza mengine. Ukinunua saa ile ile na watu wote, unagombea yaliyobaki.

2. Tunaambiwa mafuta yapo ya kutosha. Mbona kituo kimekauka?

Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, na hapa ndipo watu wengi hudhani wanadanganywa. Mafuta yaliyo kwenye bohari hayako kwenye pampu. Kati yake kuna lori, dereva, foleni ya kupakia na barabara.

Piga hesabu ndogo. Chukua mji wenye magari 1,000, kila moja lina tangi la lita 50 na hutumia lita 4 kwa siku. Vituo vya mji huo huuza lita 4,000 kwa siku, na malori huja kwa kipimo hicho. Siku yoyote utakayoyapima magari hayo, baadhi yamejaa, mengine taa ya mafuta imewaka. Tuseme kwa wastani yako nusu. Uvumi unatoka, na kila mwenye gari anataka tangi lijae. Lita 25 zinazopungua kwa kila gari, mara magari 1,000, ni lita 25,000. Hayo ni mauzo ya zaidi ya siku sita, na yanatakiwa leo na kesho.

Hakuna tone lililopotea hapo. Mafuta yamehama tu kutoka matangi ya chini ya ardhi ya vituo kwenda kwenye magari, ambayo mengi yake yataegeshwa. Tangi la gari lililoegeshwa ni ghala pia, ila ni ghala ambalo mwingine hawezi kuchotea.

Kimahesabu, mji huo ungetulizwa na lori moja la ziada, kwa kuwa lori kubwa la mafuta hubeba takriban lita 30,000 hadi 40,000. Tatizo ni kwamba kila mji unalitaka lori hilo siku hiyo hiyo, bohari ina sehemu chache za kupakilia, na dereva wa mzigo unaolipuka hapatikani kwa kumwita mtu yeyote mwenye leseni.

3. Kwa hiyo wanaopanga foleni ni wajinga?

Hapana, na anayewaita hivyo hajalielewa jambo. Ukiona majirani wote wanaelekea kituoni, na unajua kituo hakiwezi kuwatosheleza wote, basi kwenda mapema ni uamuzi wenye akili kabisa kwako wewe. Ubaya ni kwamba kila mmoja amefikiri vizuri, na jumla yao imeleta uhaba.

Mwanasosholojia wa Marekani, Robert K. Merton, mwaka 1948 aliiita hali ya namna hii utabiri unaojitimiza wenyewe. Mfano wake ulikuwa benki: benki nzima, yenye fedha zake, inaanguka kwa sababu wateja wameamini itaanguka na wote wakaja kuchukua amana siku moja. Waswahili walikwisha kusema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kwenye mafuta, hao hao wasemao ndio wanaolileta.

Kutokana na hilo, mahubiri ya "tulieni, acheni ubinafsi" hayafiki mbali. Kinachobadilisha mwenendo wa watu ni vitu viwili vikavu zaidi: mazoea waliyokuwa nayo kabla ya uvumi (swali la 6), na kikomo kinachowahusu wote wakati wa uvumi (swali la 17).

4. Taharuki huanza vipi? Nani huanzisha?

Ni nadra kuanza na uongo mtupu. Huanza na habari ndogo ya kweli inayokuzwa njiani.

Uingereza, Septemba 2021: kampuni ya BP ilisema italazimika kufunga kwa muda baadhi ya vituo vyake kwa sababu ya upungufu wa madereva wa malori. Mafuta yalikuwepo kwenye viwanda na mabohari. Ndani ya siku chache chama cha wauzaji wa mafuta wa rejareja nchini humo kilieleza kwamba hadi theluthi mbili ya vituo vya wanachama wake vilikuwa vimekauka, na kufikia tarehe 4 Oktoba wanajeshi walikuwa wameingia kuendesha malori.

Nchi hiyo hiyo, Machi 2012: madereva wa malori ya mafuta walikuwa wanafikiria kugoma. Waziri mmoja akawashauri wananchi waweke mafuta kidogo kwenye dumu nyumbani, kwa tahadhari tu. Foleni zikaanza, vituo vikakauka, na katika mji wa York mwanamke mmoja akapata majeraha makubwa ya moto alipokuwa anamimina petroli jikoni kwake. Mgomo wenyewe haukutokea kamwe. Tukio hili lafaa kukumbukwa kila msemaji wa serikali anaposimama mbele ya vipaza sauti.

Mwaka 1979, baada ya mapinduzi ya Iran, uzalishaji wa mafuta duniani ulipungua kwa takriban asilimia 4. Katika miezi 12 iliyofuata bei ya mafuta ghafi ilizidi maradufu. Asilimia 4 peke yake haifanyi hivyo. Kampuni zilikuwa zinajaza maghala kwa kuogopa kesho, na madereva nao wanajaza matangi kwa hofu ile ile.

5. Nitajuaje kama uhaba ni wa kweli au ni wa taharuki tu?

Uliza kilichokatika ni nini. Kama kimekatika chanzo (meli haziji, kiwanda cha kusafisha kimeungua, nchi imeishiwa fedha za kigeni za kununulia), huo ni uhaba wa kweli, na utadumu mpaka chanzo kirudi. Kama chanzo kipo na kilichozidi ni haja ya watu, dalili zake ni hizi: vituo vya mijini vinakauka kabla ya vile vya njia kuu, malori yanaendelea kuonekana barabarani, na kituo kilichokauka asubuhi kinauza jioni.

Mara nyingi ni mchanganyiko. Bomba la Colonial la Marekani lilisimamishwa tarehe 7 Mei 2021 baada ya mifumo ya kompyuta ya kampuni kuvamiwa na wahalifu wa mtandaoni waliodai fidia. Bomba hilo hupeleka karibu asilimia 45 ya mafuta ya pwani ya mashariki ya nchi hiyo, kwa hiyo tatizo lilikuwa la kweli. Ila baadhi ya maeneo yangeweza kuvumilia siku tano za kusimama kwake kwa akiba iliyokuwepo, kama watu wasingejaza matangi yote kwa mara moja.

## Je, nijaze leo?

6. Nimesikia kesho hakutakuwa na mafuta. Nifanye nini?

Tazama mshale wa mafuta kwanza, simu baadaye. Ukiwa juu ya nusu, baki nyumbani. Ukiwa chini ya robo na una safari ya lazima, nenda, maana wewe ni mteja wa kawaida ambaye angekwenda hata bila uvumi. Ukiwa katikati, hesabu kilomita zako za wiki moja (swali la 7), kisha uamue.

Jibu bora zaidi, hata hivyo, limeshachelewa kwa leo. Mwenye mazoea ya kujaza tangi likifika nusu, badala ya kungoja taa iwake, hana sababu ya kukimbia siku ya uvumi. Hayo mazoea hayamgharimu chochote cha ziada kwa mwaka. Anatumia mafuta yale yale, anatembelea kituo mara nyingi kidogo tu. Na wakiwa wengi wenye tabia hiyo, zile lita 25 za swali la 2 zinashuka hadi kumi na kitu, na mji haukauki.

7. Robo tangi itanifikisha wapi?

Mbali kuliko hofu inavyokuambia. Gari dogo linalotumia lita 8 kwa kilomita 100, lenye tangi la lita 50, likiwa na robo lina lita 12 na nusu: zaidi ya kilomita 150. Kwa anayekwenda kilomita 30 kwa siku, hizo ni siku tano. Pikipiki inakwenda mbali zaidi kwa kila lita, ila tangi lake ni dogo, hivyo mwenye pikipiki hukauka mapema na hurudi kituoni mara nyingi. Wanaosema "wenye pikipiki ndio wanaomaliza mafuta" wanaona idadi ya pikipiki kwenye foleni, hawaoni lita.

8. Nikikaa foleni saa mbili injini ikiwaka, nachoma kiasi gani?

Gari dogo lililosimama injini ikinguruma hula kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, na zaidi ukiwasha kiyoyozi. Saa mbili ni lita moja hadi mbili, yaani kilomita 12 hadi 25 za safari. Zima injini. Foleni ikisogea magari matano ndipo uwashe, usiwashe kwa kila hatua. Kama unakwenda kuongeza lita sita tu, huenda ukawa umechoma hadi theluthi yake kwa kusubiri.

9. Nifanyeje mafuta niliyonayo yadumu?

Punguza mwendo kabla ya kitu kingine chochote. Upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: ukiwa kilomita 110 kwa saa, hewa inalizuia gari karibu mara moja na nusu kuliko ukiwa 90. Jaza upepo kwenye matairi kwa kipimo cha mtengenezaji. Teremsha mizigo isiyo na kazi, hasa iliyofungwa juu ya paa. Unganisha safari tatu fupi ziwe moja, kwa sababu injini baridi hula zaidi.

Kuna ushauri mmoja wa vijiweni wa kuuacha: kuweka gia huru kwenye mteremko. Magari ya kisasa yenye mfumo wa sindano za kunyunyizia mafuta hukata mafuta yenyewe ukiachia mguu gari likiwa kwenye gia. Ukiweka huru, injini inalazimika kuchoma ili isizime. Unapoteza mafuta na uwezo wa kulizuia gari kwa pamoja.

10. Mafuta yakiisha kabisa njiani, gari litaharibika?

La petroli kwa kawaida litawaka tena ukimimina lita chache, ingawa pampu ya umeme iliyo ndani ya tangi hupozwa na mafuta yenyewe, hivyo kuliendesha likiwa tupu mara kwa mara huifupishia maisha. La dizeli ni kazi zaidi: hewa ikiingia kwenye njia za mafuta huenda ukahitaji fundi aitoe kabla injini haijakubali kuwaka.

## Madumu na kuhifadhi

11. Naweza kuweka petroli nyumbani?

Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi juu ya kiasi na aina ya chombo, kwa hiyo uliza mamlaka ya zimamoto ya mahali ulipo. Lakini hata pale sheria inaporuhusu, fahamu unachokiingiza ndani.

Petroli yenyewe haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake, na huo mvuke hutoka hata kwenye baridi ya takriban nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwa maneno mengine, hakuna siku ambayo petroli iliyo wazi haitoi mvuke wa kuwaka. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupandi kwenda dirishani ukapotea, bali unatambaa sakafuni, unapita chini ya mlango, unakusanyika shimoni, mpaka ukutane na jiko, swichi au jokofu linalojiwasha lenyewe. Hiyo ndiyo sababu mtu huungua akiwa chumba kingine na lile dumu.

Kama ni lazima, liweke nje ya nyumba ya kulala, kwenye kivuli, mahali penye upepo, mbali na moto na watoto. Usiweke ndani ya gari lililofungwa juani. Na lisiwe kwenye njia ya kutokea, maana kukiwaka huko hutapita.

12. Dumu la mafuta ya kula au chupa ya maji si chombo tu?

Petroli hulainisha aina nyingi za plastiki, kifuniko hakizibi mvuke, na mtoto hajui kuwa chupa ile si ya maji. Tumia dumu lililotengenezwa kwa ajili ya petroli, la chuma au plastiki nene, lenye kifuniko cha kukaza. Wakati wa kadhia ya Colonial, tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ililazimika kutangaza kwamba watu wasijaze petroli kwenye mifuko ya plastiki. Inachekesha, mpaka ukumbuke kuwa tangazo kama hilo hutolewa na mtu aliyeona sababu ya kulitoa.

Usijaze hadi mdomoni. Lita 20 za petroli zikipata joto la nyuzi 20 zaidi hutanuka kwa karibu mililita 400, na zitatafuta pa kutokea.

13. Kwa nini mhudumu ananiambia niteremshe dumu chini?

Ana haki. Mafuta yakipita kwenye mpira wa pampu huzalisha umeme tuli. Dumu likiwa chini, umeme huo huzama ardhini. Likiwa juu ya zulia la buti au plastiki ya nyuma ya gari la mizigo, hauna pa kwenda. Unajikusanya, kisha cheche inaruka mahali palipojaa mvuke. Weka dumu ardhini, mdomo wa pampu uguse ukingo wa dumu muda wote, jaza polepole. Na usiingie ndani ya gari na kutoka wakati wa kujaza, maana nguo zikisuguana na kiti unarudi na umeme mwilini.

14. Mafuta hukaa muda gani kabla hayajaharibika?

Akiba haiozi, wanasema. Petroli huoza. Kwenye chombo kilichozibwa vizuri, mahali pa baridi, hesabu miezi mitatu hadi sita. Dizeli miezi sita hadi mwaka. Sehemu nyepesi za petroli, zile zinazosaidia injini kuwaka asubuhi, ndizo zinazovukiza kwanza. Petroli iliyochanganywa na ethanoli huvuta unyevu wa hewani, na maji yakizidi hutengana na kukaa chini. Dizeli iliyoingiwa na maji huota uchafu unaoziba chujio.

Kwa hiyo aliyeficha madumu akingoja bei ipande ana mzigo unaochakaa huku akilala nao nyumba moja.

15. Naweza kunyonya mafuta kwa mpira kutoka gari moja kwenda jingine?

Kwa mdomo, usithubutu. Hatari kubwa si tumbo, ni mapafu: tone dogo likipita njia ya hewa huleta homa kali ya mapafu. Aliyemeza asilazimishwe kutapika, kwa kuwa kutapika ndiko kunakoyapeleka mapafuni. Mpeleke hospitali. Pampu ndogo ya mkono ni rahisi, na hufanya kazi ile ile.

16. Dizeli na mafuta ya taa je?

Ni nafuu kwa hatari ya mvuke, kwani dizeli huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 50 ndipo itoe mvuke wa kutosha kuwaka. Nafuu si salama. Iliyolowa kwenye kitambaa huwaka kama utambi. Kosa linaloua ni kuchanganya vyombo: petroli iliyowekwa kwenye dumu la mafuta ya taa kisha ikamiminwa kwenye jiko au taa. Wakati wa uhaba, vyombo huazimwa ovyo. Andika jina juu ya kila dumu.

## Foleni, vituo na serikali

17. Kituo kimeweka kikomo cha lita. Wananinyima haki?

Wanakulindia zamu ya wa nyuma yako, na kesho wewe ndiye wa nyuma. Kikomo kinafanya kazi ambayo nasaha haziwezi: kinaondoa faida ya kuwahi. Ukijua kuwa hata anayefika saa kumi jioni atapata lita zile zile, hakuna sababu ya kulala kituoni.

Njia ni nyingi. Mwanzoni mwa 1974, wakati wa vikwazo vya mafuta vya nchi za Kiarabu, jimbo la Oregon nchini Marekani liliweka zamu kwa namba za magari, namba shufwa siku moja na witiri siku ya pili. Vituo navyo vilipandisha bendera: ya kijani yeyote anauziwa, ya njano ni kwa magari maalumu tu, nyekundu yamekwisha. Bendera hiyo naipenda kuliko hotuba zote, kwa sababu dereva aliiona akiwa mbali, akaendelea na safari bila kusimama kuuliza. Sri Lanka mwaka 2022 ilitumia msimbo wa QR kwenye simu, uliosomwa kwenye pampu. Mwanzoni pikipiki ilipata lita 4 kwa wiki na gari dogo lita 20. Kabla ya mpango huo watu walikesha foleni, na baadhi ya wazee walifia humo.

18. Mbona wengine wanakataza kununua kidogo?

Ni kinyume cha kikomo cha juu, na kina mantiki yake. Kila gari hukalia pampu dakika kadhaa za kusogea, kufungua, kulipa na kuondoka, liwe limechukua lita 5 au 40. Wenye matangi karibu kujaa wakija kuongezaongeza, foleni inarefuka bila mafuta mengi kuuzwa, na foleni ndefu ndiyo tangazo la hofu kwa wapitao. Mwaka 1979 baadhi ya majimbo ya Marekani yaliweka kiwango cha chini cha kununua kwa sababu hiyo. Kinawaumiza wasio na fedha za kujaza, kwa hiyo si dawa ya kila mahali.

19. Si bora bei ipande tu, wasiohitaji waache?

Kupanda kwa bei hupunguza foleni, hilo ni kweli. Lakini hakumwondoi asiyehitaji. Kunamwondoa asiye na fedha, na hao wawili si mtu mmoja. Na bei ikigandishwa wakati bidhaa haipo, ulanguzi huota uani. Palipotulia, mara nyingi serikali ziliunganisha mgao na bei inayojulikana. Kuhusu mafuta ya walanguzi, tazama swali la 23.

20. Nchi ina akiba ya mafuta. Kwa nini haifunguliwi?

Nchi wanachama wa Shirika la Nishati la Kimataifa, lililoundwa mwaka 1974 baada ya mshtuko wa vikwazo vya mafuta vya 1973, hutakiwa kuwa na akiba ya angalau siku 90 za mafuta wanayoagiza kutoka nje. Nyingi zisizo wanachama zina akiba ndogo zaidi. Ila akiba hiyo ni dawa ya chanzo kilichokatika. Sehemu kubwa inaweza kuwa mafuta ghafi, ambayo gari halinywi, na hata yaliyosafishwa yanahitaji malori yale yale yaliyokwisha kuelemewa. Kwa taharuki ya siku tano, lori na dereva vina thamani kuliko pipa.

21. Mbona serikali ikisema "msiwe na hofu" ndipo watu wanakimbia?

Kwa sababu wengi hawakuwa wamesikia kuna la kuhofia. Pia kauli hiyo haina kitu cha kukishika. Linganisha na tangazo la namna hii: meli mbili zimeshusha, malori kadhaa yanapakia usiku huu, vituo hivi vitakuwa na mafuta kesho mchana, kila gari lita 20. Msikilizaji wa tangazo la pili anaweza kupanga siku yake. Wa kwanza amebaki kukisia, na akikisia huku jirani anawasha gari, naye atawasha.

## Hali zisizo za kawaida

22. Kuna mgonjwa nyumbani anayetegemea mashine na jenereta. Nisubiri foleni kama wengine?

Hapana. Katika migao mingi kuna kipaumbele kwa magari ya wagonjwa, zimamoto, hospitali na wahudumu wa afya. Uliza hospitali inayomhudumia mgonjwa ikupe barua mapema, siku za kawaida, na uijulishe kampuni ya umeme. Wewe ndiye mtu ambaye akiba ya dumu moja halali, lililohifadhiwa kama swali la 11, ina maana kwake. Jenereta likae nje kabisa, mbali na madirisha. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, nayo imewaua wengi waliokuwa wakikimbia giza.

23. Kuna mtu anauza kwenye chupa kando ya barabara. Ninunue?

Ukishikwa kabisa, jua unachonunua. Wakati wa uhaba uchakachuaji hustawi, na petroli huongezwa mafuta ya taa. Injini itagonga, itakosa nguvu mlimani, na itatoa moshi usio wa kawaida. Jaribio la zamani la vijana wa gereji: dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka upesi na kuacha karatasi karibu kama ilivyokuwa. Yenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Jaribio hilo halionyeshi maji wala kipimo cha lita, ambavyo navyo huchezewa.

24. Bomba limefunguliwa, meli imefika. Mbona bado hakuna mafuta?

Mafuta hutembea taratibu. Ndani ya bomba la Colonial hukwenda kwa kasi inayokaribia ya mtu anayetembea kwa miguu. Kutoka Houston hadi eneo la New York ni zaidi ya wiki mbili. Lilipowashwa tena jioni ya tarehe 12 Mei 2021, vituo vingi viliendelea kuwa vikavu kwa siku kadhaa. Tatizo likiwa upungufu wa madereva badala ya bomba, huchukua wiki kadhaa. Baadaye kinakuja kimya cha ajabu: matangi ya magari yamejaa, vituo vina mafuta, wanunuzi hawaonekani.

25. Nilinunua madumu manne, uhaba haukuja. Niyafanye nini sasa?

Yamimine kwenye gari lako taratibu, dumu moja kila tangi linaposhuka nusu, ukianza na lililokaa muda mrefu zaidi. Fanya hivyo nje, mchana, injini imezimwa na imepoa, ukitumia faneli yenye chujio. Mafuta yakiwa yamebadilika rangi, yananuka uchachu au yana maji chini, usiyamwage mtaroni wala ardhini. Uliza gereji au zimamoto wanayapokea wapi. Madumu matupu yaache wazi nje, mbali na moto, mpaka harufu iishe. Dumu tupu lina mvuke, na ni la hatari kuliko lililojaa.